Mdhamini wa Tatu

CV yangu ilikuwa nzuri mpaka ilipofika kwenye wadhamini. Elimu ninayo, kompyuta naijua, Kiingereza nakiweza nikiwa sina hasira. Lakini ile kampuni ya mizigo kule Kurasini ilitaka watu watatu wanaonifahamu, majina na namba zao za simu. Bila kampuni ile sina mafunzo ya vitendo, na bila mafunzo ya vitendo narudia mwaka. Mimi Tekla nilikuwa na watu wawili tu, tena wa kuungaunga.

Wa kwanza alikuwa mhadhiri wangu, Bwana Wilfred. Nilimkuta koridoni, akanijibu, "Andika tu," bila kuinua macho kwenye simu yake. Jina langu hakuliuliza. Wa pili alikuwa mwalimu mkuu wa shule niliyosoma Masasi, ambaye simu yake hupatikana ikijisikia.

Nikamwendea Mama Marietha, katibu wa jumuiya yetu ya kanisa hapa Temeke. Nilimwamkia kwa adabu zote nilizofundishwa.

"Marahaba," alisema. "Sasa mwanangu, nikudhamini kwa lipi? Jumuiya umekuja mara mbili, na zote ulikuwa unataka nikusainie barua. Mie nikiulizwa wewe ni mtu wa namna gani, nitasema nini?"

Nilikasirika, kwa sababu alisema kweli. Kwenye nyumba niliyopanga tunajua kuambiana "mambo" na "leo zamu yako ya kufagia," basi. Siku zote nilijisemea kwamba nimekuja Dar kusoma, si kutafuta marafiki. Ukilisema hilo kwa miaka miwili, watu nao wanakuamini.

Kwa Suhaib mwenye steshenari, CV haziandikwi upya. Anafungua ya mteja aliyepita, anafuta jina, anaweka lako. Ndiyo maana mtaa mzima tunapenda kitu kimoja: kukutana na watu na kubadilishana mawazo. Nilimwambia aifute hiyo sentensi.

"Iache, sista, maofisa wanaipenda," alisema. "Na huyu mdhamini wa tatu muache pia."

Kwenye kioo cha kompyuta lilikuwa limebaki jina, pamoja na namba yake ya simu, kutoka CV ya mteja wa kabla yangu: Bi. Filomena Anselmo, muuguzi mstaafu, Mbagala.

"Hawapigagi simu hao," Suhaib alisema. "Ishu ni namba tatu zionekane."

Nikaliacha, CV ikatumwa.

Jumatatu dada wa kampuni alinipigia. Alikuwa mchangamfu, nami nikachangamka. Kisha akasema, "Njoo Alhamisi. Kabla ya hapo tutaongea na wadhamini wako wote."

Nilikaa kitandani na nakala ya CV mkononi. Mwishowe nikampigia huyo Bi. Filomena, nikamwamkia, nikamwaga yote kwa pumzi moja: CV, Suhaib, jina lake. Nikasubiri matusi.

"Una sauti ya mtu asiyekula," alisema. "Umekula nini leo?"

"Wali wa jana, bibi."

"Ulipika na nani?"

"Peke yangu. Mie napikaga wa watu wawili, halafu kesho yake namalizia kiporo."

"Kwa nini wa watu wawili?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia kwamba mama alinifundisha kupika tukiwa wawili nyumbani, na tangu afariki mkono wangu haujazoea kipimo kingine. Nikaanza kulia. Yule bibi hakuninyamazisha. Aliuliza mama aliitwa nani, nikamwambia Asifiwe. Aliuliza ninasomea nini, na nani huja kunijulia hali nikiumwa. Hilo la mwisho nilimjibu kwamba hakuna. Salio likakata, akapiga yeye.

Tulipomaliza akasema, "Mjukuu wangu, kudanganya sitaweza. Wakinipigia nitawaambia ukweli."

Nikajua nimekwisha. Alhamisi nilikwenda kwa sababu tu nguo nilikuwa nimeshazipiga pasi.

Yule dada aliitwa Thuraya. CV yangu ilikuwa mezani kwake, na nilimwona akipita kwenye ile sentensi ya kukutana na watu.

"Mhadhiri wako anasema wanafunzi ni wengi, hakukumbuki," alianza. "Mwalimu mkuu hapatikani. Huyu wa tatu ndiye katushangaza. Kasema mpaka Jumatatu alikuwa hakujui kabisa, jina lake liliwekwa bila yeye kuulizwa, na wewe mwenyewe ukampigia ukakiri. Nikajua yameisha hapo, kumbe ndiyo anaanza. Kaniambia unachosomea, kaniambia habari za marehemu mama yako, Asifiwe. Anasema wewe ni mtu wa kweli, ila unapika chakula na huna wa kumpakulia."

Niliinamisha kichwa. Pasi yote ile, na machozi yakadondokea sketi.

"Nafasi nakupa," alisema Thuraya. "Kwenye mizigo ya watu namtaka mtu anayekiri kabla hajakamatwa. Lakini nataka kujua, huyu Bi. Filomena sasa ni nani wako?"

Ulimi ulitaka kusema ni bibi yangu. Niliuzuia.

"Sijawahi kumwona," nilisema. "Lakini hapa Dar hakuna mwingine anayenijua."