Sentensi Mbili za Mwantum

Mwantum alimpenda Jordan, na hilo ndilo lililomponza. Kijana wa shemeji yake Matonya, anasoma chuo kule Chimwaga, adabu tele, mpole wa kupindukia. Siku ambayo baraza la ardhi lilikuwa linakuja Makutupora kukagua shamba la marehemu mumewe, Jordan alipiga hodi mapema, simu mkononi.

"Mama mdogo, nisaidie kazi ya chuo. Waingereza wana neno lao moja la kukata, wanalitumia kwa mambo chungu nzima. Mwalimu anataka tulilinganishe na letu. Nitungie sentensi, nirekodi."

"Leo? Na wajumbe wanakuja saa nne?"

"Dakika kumi tu. Vibarua wako wa kupogoa wameshafika, nimewapeleka shambani mwenyewe."

Basi akakaa. Mjane asiye na mtoto, anaitwa mama na msomi, angekataaje? Sharti la baraza alilijua vizuri: wakikuta mizabibu inatunzwa, shamba ni lake; wakikuta limeachwa, linarudi kwa ukoo, yaani kwa Matonya. Na mizabibu ile aliipanda mwenyewe, miaka tisa sasa, chini hakuna hata gugu.

"Nimekata kiu," alianza. "Nimekata tiketi."

"Safi! Sasa tia na shamba, isikike ya kweli. Kukata tamaa. Kukata shauri."

"Haya. Nimekata tamaa na hili shamba. Nimekata shauri, narudi kwetu Kondoa." Akaangua kicheko. "Ningesoma mie, mngekoma!"

Ndipo aliposikia kishindo. Kupogoa ni kazi ya mkasi, haina kishindo. Lile lilikuwa panga, tena si moja. Alitoka mbio, kanga ikabaki mlangoni. Alikuta mashina yamelala safu nzima nzima, yamekatwa sawa na ardhi, vibarua asiowajua wanamalizia za mwisho, na Matonya kawasimamia.

"Mmeniua!" alipiga yowe. "Jamani, mmeniua mchana kweupe!"

Wajumbe walipofika, vibarua walishaondoka na yeye yuko chini, kakumbatia shina.

"Kakatisha mwenyewe," Matonya alisema kwa huruma ya kuigiza. "Shemeji kachoka, anaondoka."

"Mwongo! Mwongo mkubwa huyu!"

"Jordan, wape wasikie."

Simu ikasema. Kicheko hakikuwemo, kilishafutwa. Zilibaki sentensi mbili tu, kavu, za mwanamke aliyechoka.

"Mama, hii sauti ni yako?" mwenyekiti aliuliza.

"Yangu, lakini ni mambo ya chuo, huyu ndiye aliyenitungisha—"

"Nimeuliza sauti."

"Ni yangu."

Karani akainamisha kichwa, akaandika. Mwantum aligeuka kwa Jordan, machozi na udongo usoni, bado akimwamini kidogo, mjinga wa watu.

"Mwanangu, waambie basi. Waambie ulivyoniomba."

Jordan aliweka simu mfukoni, akasafisha koo.

"Mimi sikumwomba kitu, mwenyekiti. Nilipita kumjulia hali, nikamkuta anasema hayo."

Karani akaliandika na hilo.