Ujumbe wa Kufunga Ofisi

Mdogo wangu alikuwa mvivu wa kuzipa majina kazi, yale maagizo tunayoiandikia kompyuta. Tuliandika programu ofisi moja, meza zetu zikitazamana, na kila siku nilimpigia kelele: kazi ipe jina, kesho utataka kuiondoa! Wapi. Alichukua Action au Func, vyombo ambavyo lugha yetu ya programu inakupa vikiwa tayari, akakitajia aina ya data, akatumbukiza humo kazi isiyo na jina, basi.

"Dada, jina la nini? Hata wewe nyumbani tunakuita Kelele tu."

Ofisini, wa mwisho kutoka hubonyeza kitufe, taa zinazimika na kengele ya ulinzi inajiwasha. Enzi zake wa mwisho alikuwa yeye, na kwenye programu ya kitufe hicho alipachika Action yake: inapokea saa ya kufunga, inamtumia mama ujumbe kwa namba ya ofisi. "Mama, natoka sasa. Niwekee chakula."

Kisha homa ikamchukua, hata kuugua vizuri hakuugua. Tulimzika. Ujumbe ukaendelea.

Siku hizi wa mwisho kutoka ni mimi, maana nyumbani sina haraka napo. Kila nikiingia nakuta sahani imefunikwa mbele ya kiti chake. Roho inaniuma, napita moja kwa moja chumbani na kudai nimeshiba.

Mama mdogo akanivuta pembeni. "Wewe si ndiye fundi wa makompyuta? Dada yangu anamwekea marehemu chakula. Zima hicho kitu kabla hajarukwa na akili."

Kuufuta mstari ule sikuweza. Ulikuwa mkono wake, na nafasi zake za ovyo ovyo. Nikaona bora niichomoe tu ile kazi, mstari wenyewe ubaki. Nikainakili neno kwa neno kwenye mstari wa chini, nikaweka alama ya kutoa, ile inayoiondoa kazi kwenye kitufe. Programu ikakubali bila kulalamika. Nikabonyeza kitufe, nikafika nyumbani: sahani ipo palepale.

Nilijua kosa langu kabla sijavua viatu. Kazi isiyo na jina ukiiandika upya, hata nukta kwa nukta, kompyuta inaona ni nyingine kabisa. Ya kwanza haikuhifadhiwa popote kwa jina, kwa hiyo huna pa kuishika. Nililia chumbani kwa hasira, nikimgombeza mdogo wangu kama vile yuko mbele yangu.

Kesho yake nikafuta. Mstari mzima. Nikafunga ofisi nikaondoka.

Nilimkuta mama nje ya mlango, hana viatu, simu mkononi. Aliponiona akanishika mabega, akanipapasa uso mzima.

"Simu haikulia," alisema. "Nikajua na wewe umeniondokea."

"Mama, ule ujumbe ni wa..."

"Najua ni wa nani! Nimemzika mwenyewe, sijapata wazimu. Simu ikilia najua mwanangu aliyebaki amefunga ofisi, anakuja. Nakuwekea chakula, nawe hukigusi."

"Lakini unaweka kwenye kiti chake."

"Nikuwekee wapi? Ndicho kilicho karibu na jiko, na magoti yangu unayajua."

Mezani hapakuwa na kitu. Mama akawasha jiko, akapasha kilichobaki. Nilikaa kwenye kiti cha mdogo wangu, nikala mpaka nikamaliza.