Chuma Alichong'oa Mama

Mimi ndiye niliyesema ving'olewe. Sijatubu, isipokuwa kwa kimoja.

Mwaka ule wapima ardhi walizagaa kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kwa sababu ya gesi iliyopatikana baharini. Mtu anaamka, anakuta chuma chenye rangi nyekundu kimepandwa kando ya mnazi wake. Akiuliza, anaambiwa ni alama tu. Alama tu! Babu yangu aliambiwa pamba ni mbegu tu, akaishia kuwalimia Wareno kwa viboko. Shule niliiacha darasa la nne, lakini kusahau sikufundishwa popote. Nikasimama sokoni, nikasimama nje ya msikiti: "Chuma cha mgeni kikipandwa kiwanjani kwako, king'oe kabla hakijaota mizizi!"

Mama yangu, Bi Zainabo, alinisikia vizuri kuliko wote.

Nyumbani tulikuwa na dada yangu Awa, anayegandisha barafu na kuwauzia wachuuzi wa samaki. Geleira lake kuukuu, jokofu la kugandishia, lilianza kuuma. Akiligusa kwa mkono mkavu linamtekenya. Mkono ukiwa na maji linamtupa. Akawa anavaa kandambili na kufungua mlango wake kwa pindo la kanga. "Lina wivu hili," anasema akicheka. Siku moja likamshika asiweze kuachia, mpaka alipoanguka kwa uzito wake mwenyewe. Hakucheka tena. Nikamwita Nélio, fundi umeme kutoka Mueda, milimani kwa Wamakonde.

Nélio akapigilia fimbo ya chuma iliyovikwa shaba nyuma ya nyumba, ikabaki ncha ya kufungia waya. Akaahidi kurudi kesho yake na disjuntori, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukipotea njia. Aliporudi akakuta shimo. Fimbo ilikuwa chini ya kitanda cha mama.

"Nani kaing'oa?"

"Mimi, kwa jembe, tangu alfajiri," mama akajibu. "Mwanangu huyu kasema."

Nélio akanigeukia. "Camarada," akaniita kama mwanasiasa, "hotuba zako zitamuua dada yako."

Nikaenda kuitoa fimbo chini ya kitanda, nikamrudishia.

"Wewe huji kuchukua kiwanja?" mama akamuuliza.

"Mama, sisi Wamakonde tukija kuchukua kitu tunapita mlango wa mbele."

"Na mchanga wetu utaufanyia nini, nawe kuogelea hujui!"

Wakacheka wote wawili, watani wa pwani na bara. Kisha Nélio akachuchumaa, akachora duara mchangani kwa kidole.

"Umeme hutoka, hufanya kazi, hurudi ulikotoka. Ukikosa pa kurudia hautembei. Ndani ya geleira hili waya umechubuka, umegusa bati. Umeme umesimama pale unangoja njia. Awa akigusa, njia ni yeye: mkono, moyo, mguu, ardhi. Fimbo hii ni njia bora kuliko Awa."

"Ardhi?" mama akasema. "Nimezika watu wanne katika mchanga huu. Haujarudisha kitu."

"Sogeeni mbali, basi, niwaonyeshe. Na msije mkajaribu haya wenyewe."

Akaipigilia fimbo upya. Akachukua glopu moja: waya mmoja akaufunga kwenye umeme, wa pili kwenye fimbo. Akawasha swichi. Glopu ikawa nyekundu, hafifu, kama kaa linalozimika. Akazima. Akamwaga kando ya fimbo ndoo mbili za maji ya chumvi ambayo Awa huwawekea wachuuzi wa samaki, akarudi nyuma, akawasha.

Subhanallah! Glopu iliwaka nyeupe, mchana kweupe, tukafumba macho.

Waya wa kurudi haukuwepo. Ardhi ndiyo ilikuwa waya. Umeme ulikuwa unapita chini ya minazi, chini ya makaburi yetu, unarudi kwao kwenye transfoma, na sisi tumesimama kama walio msikitini. Katika mikutano ya gesi walituambia mara ngapi kwamba kwetu hapa ni mchanga mtupu?

Nélio akazima, akatoa glopu, akafunga disjuntori, akaunga waya wa geleira kwenye fimbo. "Asiguse mtu." Akachomeka.

Tak!

Swichi ikajikata, umeme ukazimika. Hakuna aliyekuwa karibu.

Awa akajishika kifua. "Ile tak," akasema polepole, "ilikuwa yangu mimi."

Mama akakaa chini palepale, mchangani.

Fundi akafungua geleira, akauona waya uliotafunwa na kutu, akaubadilisha, akapima mara mbili. Akachomeka tena. Lilinguruma, na swichi ikatulia. Awa akaweka kiganja juu ya bati, akakiacha hapo muda mrefu.

"Mchanga ukikauka sana, njia inadhoofika," Nélio akaonya akiwa anaondoka.

Tangu siku hiyo mama hatawadhi tena mlangoni. Huzunguka nyuma ya nyumba na birika lake, mara tano kwa siku, na maji ya udhu huyamwaga pale penye chuma.