Bendera Thelathini na Saba za Makarasha

Boaz alipoleta vitambaa vya rangi nne na kusema anataka bendera ya taifa, kubwa kuliko ile ya ofisi ya kata, Philomena hakumuuliza ya nini. Mtu akileta kitambaa fundi anashona. Alimpima kwa macho, mtu mfupi mwenye tumbo lililotangulia mbele kama mjumbe, akamwambia aje kuichukua Ijumaa.

Boaz ndiye aliyekuwa na mashine mbili za kusaga mawe ya dhahabu, zile zinazoitwa karasha, na kwa sababu ya kelele zake kitongoji kizima pale Nyarugusu ya Geita kiliitwa Makarasha. Ukiishi hapo unazoea kuongea kwa kupiga kelele, hata ukiwa kanisani. Mwaka ule Boaz alitaka uenyekiti wa kitongoji, na pia alikuwa na kidonda rohoni: kikundi cha Waha kutoka Kigoma kilikuwa kimechimba shimo lao, duara kama wachimbaji wanavyosema, mita thelathini tu kutoka duara la Boaz, wakapata jiwe linalong'aa. Boaz kwenye duara lake alikuwa amepata maji na nyoka mmoja.

Ijumaa bendera ilipanda juu ya mlingoti wa bomba la chuma lililowahi kupitisha maji machafu, na Jumamosi asubuhi Boaz akaitisha mkutano.

"Ndugu zangu," alisema, huku mashine zimezimwa kwa heshima yake mwenyewe, "hapa tumeingiliwa. Watu wanavuka mpaka, wanakuja kuchota mali ya babu zetu. Sasa mimi nasema, kila Mtanzania halisi apandishe bendera nyumbani kwake. Mwenye bendera ni mwenzetu. Asiye na bendera aje ajieleze!"

Watu wakapiga makofi. Mali ya babu zetu iliwafurahisha sana, ingawa nusu ya waliopiga makofi babu zao walikuwa Tarime, Singida na Songea, na hawakuwahi kuiona Nyarugusu hata ndotoni. Boaz mwenyewe alikuwa ametoka Ushetu kwenye tumbaku, miaka tisa tu iliyopita.

Jumatatu foleni ilikuwa mlangoni kwa Philomena. Wiki mbili nzima alishona kijani, njano, nyeusi na bluu mpaka akawa anaziona akifumba macho. Dorah, Msukuma aliyekuwa akipika chakula cha wachimbaji banda la jirani, alikuja kumwangalia akikata.

"Mwanawane! Mama Eunice, wewe sasa ni serikali."

"Serikali gani inakula kiporo?" Philomena akamjibu, sindano mdomoni.

Bendera zikapanda. Nyingine kwenye fito za mikaratusi, nyingine kwenye antena. Marwa, mlinzi wa karasha, aliipandisha yake bluu juu kijani chini, na alipoambiwa akasema upepo ndio umeigeuza. Kijana mmoja wa duara la nne aliifanya pazia la bafu. Dorah alifunga yake juu ya sufuria la maharage, ikapata moshi, na kwa siku nne taifa lilinukia kitunguu.

Kama ingeishia hapo, Philomena angecheka na kuendelea na sare zake za shule. Lakini wiki hiyo hiyo Boaz alimfukuza kazi Pantaleo.

Pantaleo alikuwa mlisha karasha, mtu wa makamo asiye na maneno mengi, mzaliwa wa Kasulu kama Philomena. Miaka sita alikuwa akimwaga mawe kwenye mdomo wa mashine ile, vumbi limemfanya mweupe kama aliyefufuka. Kosa lake lilikuwa kwamba Kiswahili chake kilikuwa na Kiha ndani, na kwamba hakuwa na bendera.

"Nalala kwenye stoo yako, bosi," alimwambia Boaz. "Niipandishe wapi, kichwani?"

Watu walicheka, na hilo ndilo lililommaliza. Boaz akamwambia arudi kwao Burundi. Pantaleo hakuwahi kufika Burundi maishani mwake. Alifunga nguo zake kwenye mfuko wa salfeti, akapita kwa Philomena kuaga.

"Dada, mimi naondoka kabla hawajaanza kurusha mawe. Mawe ya hapa nayajua uzito wake."

"Nani atakurushia mawe? Hawa nawashonea suruali."

"Ndiyo hao hao," Pantaleo akasema, akaenda kupanda basi.

Philomena alikaa na mkasi mkononi muda mrefu. Kitambaa cha bendera ya ishirini na tisa kilikuwa mapajani pake.

Siku ya tatu Boaz mwenyewe akafika, na nyuma yake watu wanne waliojiita kamati ya uzalendo.

"Shikamoo, Mama Eunice."

"Marahaba, Baba Charles."

"Mama, tumepita nyumba zote. Kwako hakuna bendera."

Ilikuwa kweli. Alikuwa ameshona thelathini na sita na hakujishonea hata moja, kama akina mama lishe wanavyowapikia wengine wakalala njaa. Akasema hivyo. Kamati haikucheka.

"Umezaliwa wapi, mama?"

"Nyarugusu."

Boaz akatabasamu kwa huruma. "Hapana mama, umehamia Nyarugusu. Nakuuliza ulikozaliwa."

"Nyarugusu. Nyarugusu ya Kasulu."

Mmoja wa kamati akapiga paja lake. "Kambini! Kumbe mama ni wa kambi ya wakimbizi!"

"Kambi ilikuja mimi nikiwa na mtoto mgongoni," Philomena akasema. "Sisi tulikuwepo, ndio tuliowapokea hao wakimbizi." Lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka, na kicheko cha Makarasha hakirudi ndani hata ukikionyesha kitambulisho cha taifa, ambacho alikionyesha. Boaz alikishika, akakigeuza, akakitazama kwenye jua kama anayepima dhahabu bandia.

"Vitambulisho siku hizi," alisema, "vinapatikana."

Usiku ule kilichomuuma Philomena zaidi ya kambi kilikuwa kitu kingine. Baba yake alikuwa tarishi wa ofisi ya kata kule Kasulu, na kwa miaka kumi na minane ndiye aliyepandisha bendera saa kumi na mbili asubuhi na kuishusha saa kumi na mbili jioni. Philomena alikua akijua kwamba ikishushwa unasimama, hata kama unakimbizwa na mbwa. Mbwa naye alisimama, baba yake alikuwa akidai hivyo. Na sasa mtu aliyeifunga bendera kwenye bomba la maji machafu alikuwa anamfundisha yeye nchi.

Asubuhi akajishonea ya thelathini na saba, akaipandisha mbele ya kibanda chake. Na mkutano wa Jumamosi iliyofuata ulipofika kwenye mengineyo, akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti mtarajiwa," alisema, na Boaz akavimba kwa jina hilo, "mimi nakushukuru kwa kutukumbusha uzalendo. Ila naona aibu. Bendera zetu zinalala nje kama mbuzi. Sisi tulifundishwa: jua likizama inashushwa, na ikishushwa raia halisi anasimama wima, hatikisiki mpaka imekunjwa. Mgeni ndiye anayepita tu. Au hapa hatufuati?"

Boaz aliona mtego, lakini aliuona akiwa tayari ameingia mguu mmoja, na watu mia moja walikuwa wakimtazama.

"Tunafuata," alisema. "Kuanzia leo."

Shida ya bendera thelathini na saba ni kwamba zina wenyewe thelathini na saba, na kila mmoja ana saa yake. Jioni ya kwanza Marwa alianza kumi na mbili kasoro dakika kumi kwa sababu simu yake inakimbia. Watu wote wakasimama. Marwa alipomaliza kukunja wakapiga hatua mbili, wa pili akaanza. Wakasimama tena. Wachimbaji walibaki na viroba vya mawe mabegani, jasho likiwatiririka hadi kwenye viatu. Maharage ya Dorah yaliungua akiwa hatua tatu kutoka jikoni, mwiko mkononi, machozi yakimtoka kwa uzalendo na moshi. Kuku ndio pekee waliotembea, na mmoja wao alipanda meza ya Dorah akala chapati nne mbele ya macho ya mwenyewe.

Kwenye duara la nne mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mchimbaji mmoja alikuwa akivutwa juu kwa kamba, wavutaji wakasimama wima kamba mikononi, naye akabaki ananing'inia katikati ya shimo.

"Nivuteni!" sauti ikatoka chini.

"Bendera!" wakamjibu.

"Ya nani?"

"Ya Mama Zuhura!"

"Basi mwambieni aharakishe, mimi ni mpiga kura!"

Hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kutembea. Kila mtu alimwangalia jirani yake kwa pembe ya jicho, na kamati ya uzalendo ilisimama na daftari. Tangu ya kwanza ishuke mpaka ya mwisho ikunjwe ilipita robo tatu ya saa. Asubuhi yake wakarudia tena zikipandishwa, karasha zikizunguka tupu bila wa kuzilisha. Ikawa hivyo siku ya pili, ya tatu, ya nne. Watu walianza kumtazama Boaz kama wanavyotazama jiwe lisilo na kitu.

Siku ya tano, Jumatano, Boaz alikuwa amekula pilau aliyofungiwa harusini huko Geita mjini, na pilau hiyo ilikuwa imelala kwenye gari usiku kucha. Saa kumi na mbili kasoro alionekana akitoka nyuma ya karasha kwa mwendo wa haraka, kopo la maji mkononi, uso umekaza. Choo kilikuwa hatua ishirini mbele yake. Marwa akaanza kushusha.

Boaz alisimama. Ya pili ikafuata, ya tatu. Alisogea kidogo katikati ya bendera ya kumi na moja na ya kumi na mbili, hatua nne za kuiba, lakini mtu wa kamati yake mwenyewe akakohoa. Kopo lilianza kutetemeka, maji yakimwagika kidogo kidogo juu ya kiatu.

Kibanda cha Philomena kilitazamana na choo kile. Mwanzo hakuelewa kwa nini mtu ametokwa jasho vile. Kisha akaliona kopo. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia: bendera zote zilikuwa zimeshuka isipokuwa yake.

Macho yao yakakutana. Boaz, ambaye hakuwa ameomba kitu kwa mtu tangu atoke Ushetu, aliomba kwa macho.

Philomena alimfikiria Pantaleo na mfuko wake wa salfeti. Akaifungua kamba, taratibu. Akaishusha kama baba yake alivyoshusha, mkono kwa mkono, isiguse chini. Akaikunja mara mbili kwa urefu, akaona ukingo umepinda, akaikunjua, akaanza upya. Dorah, pale aliposimama, alitoa sauti kama birika linaloanza kuchemka.

Alipoinua kichwa, bendera imekaa vizuri kifuani pake, watu wote walipiga hatua kwa pamoja. Boaz hakukimbia. Hapakuwa tena na sababu ya kukimbia.

Kicheko kilichofuata kilisikika, wanasema, mpaka barabara kuu. Wavutaji wa duara la nne waliketi chini. Marwa alilia kabisa. Philomena naye alicheka hadi akashika ukuta, akaingia ndani, akaketi kwenye kiti cha cherehani. Ndipo alipoitazama bendera mapajani na kicheko kikamwisha. Baba yake angempiga kofi kwa hilo. Angempiga kofi, kisha angekwenda nyuma ya nyumba kucheka peke yake. Lakini kofi lingekuja kwanza. Aliinyoosha kwa kiganja, akalia kidogo, hajui hasa analilia nini, akaenda kupika.

Asubuhi hakuna aliyepandisha. Hakuna mkutano ulioamua. Watu waliamka tu wakaenda kazini. Boaz hakuonekana siku mbili. Ya tatu alikuja kwa Philomena bila kamati, akasimama mlangoni akichezea funguo za pikipiki.

"Mama Eunice, karasha inasumbua. Hawa vijana wanailisha vibaya. Namtaka Pantaleo."

"Mpigie."

"Hapokei namba yangu."

Philomena akatoa simu yake, akapiga, akaweka sauti kubwa. Pantaleo alipokea akiwa Uvinza, kwenye machimbo ya chumvi, upepo ukivuma nyuma yake.

"Pantaleo," Boaz alisema akiinamia simu, "ni mimi. Yale mambo, unajua, yalikuwa ya siasa. Rudi. Stoo ipo. Tena nitakuwekea na kitanda."

Pantaleo, yule mtu asiye na maneno mengi, akaongea Kiha dakika nzima bila kupumua. Aliongea kwa utulivu na kwa mpangilio, akianzia kwenye tumbo la Boaz na kupanda kwenye ukoo. Philomena alilazimika kujifanya anatafuta uzi chini ya meza. Simu ikakatwa.

"Kasemaje?" Boaz akauliza.

Philomena akainuka, akajipangusa macho.

"Anasema chumvi inamlipa," alisema. "Na anamsalimia sana mama yako."