Funga

Mkuu wa kituo cha kuchunguza nyota alikuwa amempa mratibu nafasi moja tu. Tukio moja la kweli liongozwe kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho. Likienda vizuri, amri zote za chumba cha darubini zitabaki katika lugha hiyo. Likiharibika, basi.

"Na usije ukanililia," aliongeza.

Tukio lilikuja jioni, jua ndiyo kwanza limezama. Nyota ilikuwa imelipuka, magharibi, chini chini. Kwa wenzao wa vituo vingine ama kulikuwa bado mchana, ama mawingu yametanda. Mratibu ndiye aliyepokea taarifa zao na kugawa zamu, na zamu hii akakipa kituo chake. Ilibidi waupime mwanga wa nyota ile kabla haijajificha nyuma ya kilima. Kesho mwanga huo usingekuwa ule tena.

Juu, kwenye darubini, alikuwepo mume wa dada yake mratibu. Kituo kizima kilimwita Shemeji, hata mkuu, ambaye hakuwa na undugu naye wowote.

"Shemeji, unaiona?" mratibu aliuliza kwenye redio, kutoka chumba cha chini.

"Naiona, shemeji yangu. Inang'aa kama uso wa dada yako siku ya mshahara."

"Acha maneno. Iko katikati?"

"Inanikwepa kwepa... Haya, katikati!"

"Funga!"

Alimaanisha darubini ing'ang'anie nyota, iifuate inavyoshuka. Ndivyo walivyofanya mazoezi. Ila kwenye mazoezi alisema "funga nyota", na leo neno la pili lilimtoroka kwa furaha.

Juu, chuma kikaanza kunguruma.

"Shemeji, hiyo sauti gani?"

"Paa. Si umesema nifunge? Nikajua mvua inakuja."

"Fungua! Fungua, jamani!"

Paa lile halikujua haraka. Lilisaga meno mpaka likajifunga kabisa, ndipo likakubali kurudi. Lilipoachia, kilima kilikuwa kimeshaimeza nyota.

Mkuu hakupaza sauti. "Unaona? Lugha yako haina neno la kazi hii."

"Neno lipo. Nimelisema nusu."

"Kuanzia kesho, Kiingereza."

Kesho yake mkuu mwenyewe alishika redio, kwa mazoezi ya nyota ya kawaida. Shemeji alipoiweka katikati, mkuu akapaza kwa Kiingereza: "Loki!"

Kisha vikasikika viatu vikitembea, na ufunguo ukigeuka kwenye kitasa.

"Tayari, mkuu, mlango nimeutia loki. Kwani kuna mwizi?"

Chumba kizima kikaangua kicheko, mkuu akiwashinda wote, anajifuta machozi. "Shemeji huyu, bwana! Atazoea tu."

Mratibu alingoja mtu aseme kwamba Kiingereza nacho hakina neno la kazi hii. Alingoja mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Kisha akainama mezani, akaanza kubandua vikaratasi vya amri za Kiswahili alivyokuwa amevigandisha kando ya redio. Cha "funga" kiligoma kutoka. Akakikwangua kwa ukucha.