Nyuzi Tatu za Ukutani

Jumatatu, kipindi cha pili, mwalimu wa hesabu alisimama mbele ya ubao wa darasa jipya na bikari yake kubwa ya mbao, chaki imefungwa mguuni kwa mpira. Akachora mstari, akapiga tao juu na chini kutoka kila ncha, akaunganisha pale matao yalipokatana. Kisha akapima pembe. Nyuzi themanini na saba.

Wanafunzi walimwita Bikari kwa miguu yake mirefu isiyotulia. Walipima madaftarini mwao, nao wakapata themanini na saba. Mmoja akatoka nje na daftari lake, akasimama juani, na mraba wake ukajinyoosha kwa mlio mdogo, kama kidole kinapoalishwa. Aliporudi ndani, ukainama tena.

"Ni humu tu, Mwalimu," akasema, akaketi.

Bikari alifunga jiwe kwenye uzi, akauning'iniza kutoka darini. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeinamia ndani kwa nyuzi tatu zilezile. Juu yake paliandikwa kwa rangi ya buluu, Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe ulipita katikati ya maneno hayo. Chini yake, dawati la mwisho, alikaa binti yake wa kumzaa.

Sababu haikuwa siri. Darasa lilipojengwa, saruji iliingia shuleni mchana na kutoka jioni, na nyumba ya mwenyekiti wa kamati ya shule ikaota ghorofa. Waliojua walikuwa wengi, na wote walikuwa na watoto wa kusomesha.

"Mimi nimebakiza mwaka mmoja nistaafu," mwalimu mkuu alimwambia. "Aliyejenga ni Mwenyekiti. Muulize yeye."

Akaenda. Sebuleni kwa Mwenyekiti kabati lilikuwa limesukumwa hadi kwenye kona, na bado nyuma yake palibaki mwanya uliozibwa kwa mito ya makochi. Bikari alitoa karatasi, akachora mraba, akaupima. Kila pembe ilikuwa na nyuzi tisini na tatu, na mistari ya mwisho ikashindwa kukutana.

"Ndizo hizi," akasema.

"Ndizo," Mwenyekiti alikubali, akimmiminia chai. "Hata fundi wa makabati analalamika. Lakini nyuzi tatu ni kitu gani, Mwalimu? Ukimpa mtoto, hata hashibi."

"Watoto wanakaa chini ya ule ukuta."

"Sisi tulisomea juani. Wao wana ukuta." Akamsogezea sukari.

Wiki ile Bikari hakutulia. Alikula amesimama. Alisahihisha madaftari huku akizunguka meza, na kila mbingu iliponguruma alikimbilia mlangoni, ingawa shule ilikuwa mbali na nyumbani kwake. Aliogopa, na hofu ilimkaa miguuni.

Ijumaa likaja boksi, zawadi ya Mwenyekiti kwa shule: vipimapembe vipya, vinang'aa. Tisini ilikuwa imechapwa pale ilipozoea kuwa themanini na saba. Mchana ule mkaguzi wa shule alikuja na timu yake, wakavichukua, wakapima mlango, dirisha, ubao na kona zote nne, na kila pembe ikatoa tisini kamili. Akalisifu darasa, akaondoka haraka kwa kuwa mawingu yalikuwa yametanda.

Jumatatu iliyofuata, kabla ya kengele, Bikari alilivuta dawati la binti yake hadi kando ya mlango.

"Kwa nini, Mama?"

"Hapa shuleni ni Mwalimu. Nataka unisaidie kufuta ubao."

Binti alimtazama, akautazama ukuta. Akakaa alipowekwa.

Kengele ilipolia, mtoto wa mpishi wa shule, aliyezoea kubanana na wenzake wawili, aliona nafasi chini ya ufa. Akaburuta dawati bovu lililokuwa halikaliwi, akalipeleka pale, akakaa peke yake huku akitabasamu, maana ufa ulileta upepo mzuri.

Bikari alisimama ameshika bikari, na aibu ikampanda hadi masikioni. Alijua vizuri alichofanya. Darasa zima lilimsubiri.

"Fungueni madaftari," akasema. "Choreni mraba."

"Wa nyuzi ngapi, Mwalimu?" akauliza mtoto wa mpishi.

"Tisini," akajibu, akaugeukia ubao.