Kompyuta ya Akber Yahamia Kanda ya Pili

Kompyuta ya Akber ilikaa sebuleni, nyuma ya duka lao la vitambaa mjini Handeni, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiingie. Alasiri moja ya Ramadhani, Mwanaisha aliingia kwa mlango wa uani, akavua kandambili, akamwamkia mama yake Akber, Bi Rizwana, kisha akafungua pindo la khanga na kutoa diski. Alikuwa ametoka Sindeni kwa bodaboda, na vumbi la njia nzima alikuwa nalo.

Binti yake, Tatu, alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Mkataba uliisha zamani, lakini mwajiri alimfungia pasipoti kabatini na simu akamnyang'anya. Hiyo diski ililetwa na Rosina, mwenzake aliyebahatika kurudi. Ilikuwa tamthilia ya hukohuko, imerekodiwa ndani ya nyumba ya mwajiri, na Tatu alipita nyuma ya waigizaji na sinia la kahawa na tende.

Akber aliiingiza. Kompyuta ikakataa. Diski za filamu zimegawiwa dunia kwa kanda, na hii ikaandika kwamba diski ni ya kanda ya pili, ya Uarabuni, na yenyewe iko kanda ya tano, pamoja na India na sisi wengine. Ingeweza kuhama mara moja zaidi, baada ya hapo basi.

"Mama, ikihama, zile filamu zako za Bombay ndiyo kwaheri," alisema Akber. "Kabati zima."

Bi Rizwana alilitazama kabati. Filamu zote alinunuliwa na marehemu mumewe.

"Hamisha," akasema. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hao wa filamu zangu nimeshawaona wote wakioana."

Kompyuta ikahama, na sebule ikahama nayo. Hewa ikawa kavu, saa ya ukutani ikajisogeza mbele saa nzima, dirishani giza likaanza kuingia. Uani kuku waliendelea kuchakura juani. Bi Rizwana akawasha taa.

Tatu akatokea na sinia lake, akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Mwanaisha akaitikia. "Mbona umekonda hivyo?"

"Kazi, mama."

Mbele yake waigizaji waligombania urithi bila kumjali. Wala si hao tu waliokuwa na tabia hiyo.

Adhana ya magharibi ikaadhiniwa hapo sebuleni. Trei ya kompyuta ikafunguka, ukatoka mkono wa Tatu mpaka kwenye kiwiko, umeshika tende.

"Mwanaisha, huku kwetu jua bado," Bi Rizwana alionya. "Utakuwa umekula mchana."

"Najua, dada. Nitailipa siku yangu. Leo nafuturu na mwanangu."

Akaila. Akalia pia, kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Alipomaliza aliukamata ule mkono kwa mikono yake miwili, akauvuta kwa nguvu zote za mwanamke anayelima muhogo. Kompyuta ikaandika kwamba zaidi ya hapo hairuhusiwi kanda hii. Akavuta tena. Ikaandika vilevile.

Tangu siku ile wageni wa futari kwa Akber hukaribishwa dukani, ambako jua ni la Handeni.

Sasa msije mkasema hawakupeleka habari kwa wakubwa. Walipeleka! Akber alifuatana na Mwanaisha hadi kwenye ofisi inayohusika, wakapewa viti. Bwana mmoja mpole aliwasikiliza mpaka mwisho, habari ya mkono pia.

"Binti anaonekana?" akauliza.

"Anaonekana."

"Na kazi anafanya?"

"Anafanya, baba. Mchana na usiku."

"Sasa, mama yangu, tatizo liko wapi?"

Mkesha wa Idi, Mwanaisha alirudi na hina aliyoitwanga mwenyewe. Mkono ulipotoka ulikuwa na kovu bichi la pasi. Bi Rizwana alilipaka mafuta ya nazi kwanza. Kisha akachora maua kama wanavyochorwa maharusi wa kwao, kuanzia vidoleni, akilizunguka lile kovu, na Mwanaisha amekishikilia kiwiko kisitikisike. Tatu alicheka kule ndani, akisema inamtekenya. Mama yake alikuwa hajausikia ule mcheko tangu alipomsindikiza stendi ya Mkata.

Hina haijakauka, sauti ikaita kutoka nyuma ya tamthilia, sauti isiyokuwa ya mwigizaji.

"We Tatu!"

"Mama, na mkono wa kushoto?"

"Nenda kwanza, mwanangu. Usije ukapigwa."

Mkono ukarudi ndani. Akber akaisukuma trei polepole, ili hina isiharibike.